Mwalimu wa Ngezi aliyetoa sifuri ya kusikiliza kwa darasa zima

Saa mbili na nusu asubuhi, katika shule moja ya msingi mtaani Ngezi, mjini Bunia, mashariki mwa Kongo, Emerance Candiru anapita nyuma ya darasa akinyang'anya karatasi. Anawaendea wanafunzi wake mmoja mmoja, anasoma walichoandika, anakunja, anatia kwenye mkoba. Uso umemkunjamana.

Mbele, kijana aitwaye Christian bado anafuta ubao. Leo ni zamu yake kufundisha. Watoto wa darasa la pili wamebanana kwenye madawati, wengine wamekaa sakafuni karibu na miguu yake, na somo lake la kujumlisha halijaanza.

Lakini karatasi zimeshajaa. Moja imeandikwa kwamba sauti ya mwalimu ilikuwa nzuri. Nyingine inasema ubao ulipangwa vizuri. Ya tatu inasema watoto walifuata somo mpaka mwisho.

"Angalia hii," Emerance anamwambia mwandishi kwa sauti ya chini. "Mwenzao hajafungua hata kinywa, bo banaandika batoto balifuata. Balifuata nini?"

Emerance, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, anafundisha mbinu za ualimu katika shule ya sekondari iliyo hatua chache kutoka hapa. Wanafunzi wake wako mwaka wa mwisho. Wakipata diploma, baadhi yao watakabidhiwa darasa lao wenyewe Septemba ijayo, hapa mjini au vijijini.

Kila wiki anawaleta katika shule hii ya msingi kwa mazoezi ambayo wote wanayaita staji. Mwanafunzi mmoja anafundisha, wenzake wanakaa nyuma na kutazama. Watoto wakitoka kucheza, kundi linabaki kujadili: nini kilienda vizuri, nini kiliharibika, na mtoto gani aliachwa nyuma. Mjadala huo ndio unaomkosesha usingizi.

"Mmoja anasimama, anasema chaki ilikuwa ndogo. Wa pili anasimama, anasema chaki ilikuwa ndogo," anaeleza. "Wa tatu anasema angependa kuongeza neno. Nikafurahi, nikasema sasa tutasikia kitu. Akasema chaki ilikuwa ndogo."

Anasema wanafunzi wake wanajua sana kutingisha kichwa. Wanajua kumtazama msemaji usoni, kwa sababu waliambiwa wafanye hivyo. Ila ukimwuliza mmoja mwenzake amesema nini sasa hivi, anaanza kutafuta jibu juu ya dari. Wakati mwenzake akisema, yeye alikuwa akipanga maneno yake mwenyewe.

Emerance alizaliwa Aru, karibu na mpaka wa Uganda, katika nyumba ya watoto tisa. Alikuja Bunia kusomea ualimu na hakurudi tena. Aliolewa na Honoré, fundi wa pikipiki, na wana watoto wanne. Mshahara wa serikali ukichelewa, ambalo ni jambo la kawaida, nyumba inategemea karakana ya mume na maharage anayolima Emerance mteremkoni, nyuma ya nyumba.

Honoré anasikiliza malalamiko ya mkewe kila jioni, na ana lake la kusema.

"Yeye iko nafundisha batu kusikiliza, lakini hapa nyumbani mi nikianza neno, yeye anamaliza," anasema huku akipangusa mafuta mikononi. "Na kila mara anamaliza mubaya. Mi nilikuwa nataka kusema kitu ingine."

Emerance, aliyekuwa akimenya mihogo kando, hakukataa. Alisema tu kwamba mtu akishinda kutwa nzima na wasiosikia, jioni masikio nayo huwa yamechoka.

Lililomfikisha kwenye uchovu huo lilitokea Novemba iliyopita.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Plamedie, msichana aliyekuwa akisifiwa kuliko wote darasani. Anasema vizuri, hasiti, na ubao wake hupendeza kutazama. Alikuwa amechuma maua ya maboga kwa jirani ili kuwafundisha watoto sehemu za ua, na watoto walikuwa na shauku.

Emerance hakuwamo. Kulikuwa na kundi lingine likifundisha darasa la pembeni, naye alikuwa ameanzia huko.

Katikati ya somo, mtoto mmoja wa miaka saba, Elysée, alinyoosha mkono. Plamedie alimwambia ashushe, maswali yatakuja mwishoni. Baada ya muda mfupi alinyoosha tena, na Plamedie akamwambia vilevile, kwa tabasamu, kama alivyofundishwa. Mara ya tatu mtoto alisimama kabisa na kuanza kusema. Plamedie alimkalisha kwa kumgusa bega na kuendelea na petali.

Kando ya Elysée, msichana mdogo aitwaye Glodie alikuwa amelaza kichwa juu ya dawati. Alikuwa akiwaka homa ya malaria. Kengele ilipolia, watoto walikimbilia uwanjani, naye akabaki vilevile. Elysée alibaki naye.

Kundi la walimu wa kesho likasogeza madawati na kuanza mjadala wao. Elysée aliwafuata, akavuta nguo ya mmoja wao. Aliambiwa aende akacheze. Akamfuata wa pili. Huyo alimshika mkono kwa upole, akamtoa mpaka mlangoni na kufunga mlango.

Hapo ndipo Emerance alipomkuta, amesimama nje akilia bila sauti.

"Nilimuliza, iko nini, baba?" anakumbuka. "Akaniambia, Madamu, Glodie haamuke."

Emerance aliingia, akamwinua Glodie na kumpeleka kituo cha afya kwa pikipiki ya kwanza aliyoiona barabarani, mtoto akiwa amebanwa kati yake na dereva. Aliwekewa dripu. Muuguzi alisema wamefika wakati bado kuna la kufanya, na kufikia jioni Glodie alikuwa akiomba chai. Mama yake, Honorine, aliitwa kutoka sokoni anakouza sombe, yaani majani ya muhogo, akakaa naye mpaka alipopona.

Mtu mwingine angeishia hapo, angewagombeza wanafunzi kisha basi. Emerance alirudi shuleni alipoona mtoto ametulia. Alilikuta kundi lake bado likimngojea na kuliomba liendelee na mjadala kana kwamba hakuna kilichotokea. Hakueleza neno lolote juu ya kituo cha afya. Alikaa kwenye kiti cha nyuma, akakunja mikono.

Wakaendelea. Sauti ilikuwa nzuri. Maua yalikuwa wazo zuri. Petali zilichorwa vizuri. Christian, yuleyule aliyekuwa akifuta ubao leo, alisimama na kusema kwamba kilichomvutia zaidi ni jinsi Plamedie alivyokuwa makini na kila mtoto.

"Balikuwa wameona mutoto ananyanyuliwa kama gunia," anasema Emerance. "Balimuona kwa macho yao. Na hakuna hata mmoja aliuliza, Madamu, yule mutoto iko namna gani? Sababu alikuwa hayumo ndani ya karatasi yao."

Katika buletini, yaani ripoti ya matokeo, ya muhula huo, kwenye sehemu ya mazoezi ya kufundisha, kulikuwa na alama za ushiriki katika mjadala. Emerance aliwapa wote sifuri. Pembeni aliandika sababu: kusikiliza.

Wazazi walikuja juu.

Mkutano uliitishwa Jumamosi katika ukumbi wa shule ya sekondari. Mkuu wa shule, ambaye wote wanamwita Prefe Yves, alikaa mbele. Emerance alimwalika pia Honorine, mama yake Glodie, akidhani wazazi wakimsikia mama mwenyewe wataelewa. Honorine aliacha mboga zake kwa jirani, akavaa kitenge safi na kukaa benchi la nyuma.

Wa kwanza kusema alikuwa Lambert, baba yake Plamedie, mfanyabiashara anayeleta bidhaa kwa lori kutoka Aru. Alisema kwa kirefu. Alisema binti yake hajawahi kupata sifuri tangu shule ya awali, na kwamba kusikiliza si somo, kwa hiyo hakuwezi kuwa na alama. Katikati ya hotuba simu yake iliita, akaipokea, akazungumza juu ya matairi, kisha akaendelea na hotuba pale alipoishia.

Emerance aliinuka kueleza habari ya mtoto mgonjwa. Kabla hajafika mwisho, baba mwingine alisimama kuuliza kama sifuri hiyo itaonekana kwenye diploma. Alijibiwa kwamba haitaonekana. Mama mmoja alisimama baada yake, akauliza kama sifuri hiyo itaonekana kwenye diploma.

Emerance alisimama mara ya pili. Safari hii mjadala ulihamia kwenye bei ya sare. Mara ya tatu alifanikiwa kusema kuna mtoto aliyekuwa karibu kupoteza maisha, na mzazi mmoja akasema kwa huzuni kwamba kweli malaria ni tatizo kubwa katika mji huu, serikali iangalie suala la vyandarua.

Huko nyuma, Honorine alikuwa amenyoosha mkono tangu mwanzo. Prefe alimwona. Alimwambia, "Tutafika kwako, mama." Kisha ukafika wakati wa kupiga kura, wazazi wakakubaliana sifuri zifutwe na nafasi yake iwekwe wastani wa masomo mengine. Prefe akaomba mtu afunge kwa sala. Watu wakasimama, wakafumba macho, na Honorine naye akashusha mkono ili asali.

Prefe Yves, alipoulizwa na mwandishi, alisema anamheshimu sana Madamu Emerance lakini kusikiliza hakumo katika programu ya wizara. Alisema pia kwamba mkutano ule ulikwenda vizuri na kila aliyetaka kusema alipewa nafasi.

Lambert alipatikana kwenye duka lake, kati ya maboksi ya sabuni na biskuti. Ni mtu mkarimu, alitoa kiti na soda kabla ya swali la kwanza. Alisema maisha yamemfundisha kwamba mtu anayenyamaza analiwa.

"Pale ku duane, Aru, mutu ya kunyamaza njo analipa mara mbili," alisema, akimaanisha forodha. "Mi nilitaka binti yangu ajue kusema. Sasa anajua, mwalimu anamupa sifuri. Sijaelewa."

Alipoulizwa kuhusu mtoto aliyeugua, alishangaa kwa dhati. Alisema hakuna aliyemwambia kuna mtoto aliyeugua.

Emerance alipoelezwa jibu hilo, alitazama meza. "Nilisimama mara tatu," alisema. "Mbele yake. Alikuwa amevaa shati ya buluu. Nakumbuka mpaka vifungo."

Anakiri kwamba alikubali sifuri zifutwe bila kupigana zaidi. Wenzake walidhani ameogopa kufukuzwa. Anasema hakuwa na hofu yoyote, alikuwa amechoka tu.

Lakini siku hiyo ya mkutano, watu walipokuwa wakitawanyika uani, alimfuata Honorine na kumwomba radhi kwa kumpotezea siku ya soko. Kisha akamwuliza alitaka kusema nini. Plamedie, aliyekuwa amemsindikiza baba yake, alikuwa amesimama karibu na ukuta. Baba alimwita waende. Alimjibu atakuja kwa miguu.

Mwandishi alimkuta Honorine sokoni wiki hii, akasimulia mwenyewe aliyoyasema uani. Anasema kwa sauti ndogo, na mikono haiachi kufunga mafungu ya sombe.

"Ile asubuhi Glodie alikuwa na joto. Nilimwambia abakie nyumbani. Akakatala. Akasema, mama, leo Madamu Plamedie atatufundisha maua, mi nitaenda," alisema. "Njo ile nilitaka kusema ndani ya mukutano. Bo balifikiri nimekuja kushitaki. Mi nilikuja kusema mutoto wangu anamupenda huyu Madamu."

Siku ile uani, Plamedie aliposikia hayo alijifunika uso kwa mikono. Honorine alikuwa bado hajamaliza. Alisema Elysée ni mtoto wa jirani yake, anamwona kila siku, na tangu siku ile mtoto huyo hanyooshi tena mkono darasani. Mama yake alipomwuliza kwa nini, alisema hakuna haja.

Plamedie ana miaka kumi na tisa. Anazungumza na mwandishi akiwa amekaa kwenye ngazi za shule, na mara mbili anaanza jibu, anasita, anaomba swali lirudiwe ili ahakikishe amelielewa.

"Nilikuwa na fishi yangu mukononi," anasema, akimaanisha karatasi ya mpango wa somo. "Pale ilikuwa imeandikwa maswali ya batoto ni mwisho. Nilimuona Elysée. Siwezi kudanganya, nilimuona. Nilikuwa naogopa tu nisahau petali."

Januari alimwomba Emerance aruhusiwe kulirudia somo lile katika darasa lilelile. Baba yake hakupenda, kwa kuwa alama zilikwisha kurudishwa na hakuona sababu. Aliruhusiwa. Glodie alikaa mbele kabisa, amevaa sweta, akijibu kila kitu kabla ya kuulizwa. Elysée alikaa kimya, mikono chini ya dawati.

Wakati wa mapumziko Plamedie alikwenda kukaa karibu naye kwenye dawati. Anasema hakujua aanzie wapi, kwa hiyo hakuanza. Wakakaa hivyo, watoto wengine wakipiga kelele nje. Mwishowe Elysée alimwambia kwamba siku ile alisema mara nyingi. Plamedie alimjibu kwamba ni kweli, alisema mara nyingi, na yeye ndiye aliyekosea. Mtoto akafikiri kidogo, kisha akamwuliza kama lile ua la boga lililobaki anaweza kulichukua. Alipewa.

Mwalimu wa darasa hilo anasema siku hizi Elysée anajibu akiitwa jina. Mkono bado hajaunyoosha.

Emerance naye amebadilisha kazi yake bila kumwomba mtu ruhusa. Karatasi zinabaki mlangoni, ingawa, kama ilivyoonekana asubuhi hii, wanafunzi wanazificha mpaka ndani ya soksi. Katika mjadala, anayetaka kusema lazima kwanza aseme mwenzake aliyetangulia amesema nini, na mwenzake akubali kwamba ndivyo. Asiyeweza anakaa.

Matokeo yake si ya kupendeza sana. Mjadala wa somo la Christian leo umechukua muda mrefu, na nusu ya muda huo ni watu kukaa. Mwanafunzi mmoja anarudia maneno ya mwenzake kwa usahihi kabisa, Emerance anainua kichwa kwa matumaini, kisha kijana huyo anaongeza kwamba chaki ilikuwa ndogo.

Plamedie anaposimama, anasema kuna msichana pembeni aliyekuwa akihesabu kwa vidole vya jirani yake kwa sababu vyake vilimwishia, na anadhani msichana huyo alikuwa ameelewa kujumlisha kuliko wote. Christian anamwuliza ni msichana yupi. Plamedie anamwonyesha alipokuwa amekaa. Christian anatazama dawati lile tupu kwa muda, kisha anasema hakumwona.

"Sasa hiyo," Emerance anasema, "hiyo njo mazungumuzo. Moja tu. Kwa asubuhi nzima."

Ana mpango mwingine kuanzia muhula ujao. Anataka kila somo la mazoezi lihudhuriwe na mzazi mmoja wa watoto wanaofundishwa, na mjadala ukianza, mzazi huyo awe wa kwanza kusema, kabla ya mwanafunzi yeyote. Honorine amekubali kuwa wa kwanza. Ameomba tu isiwe siku ya soko kubwa, wakaafikiana Jumatano.

"Sitaki bamusifu. Sitaki hata bamujibu," anasema Emerance akifunga mkoba uliojaa karatasi alizonyang'anya. "Nataka akimaliza, mutu mumoja aniambie huyu mama alisema nini. Mumoja tu, na mi nitaenda nyumbani na furaha."

Anatarajia pia kuzirudisha zile alama za kusikiliza, safari hii kwa kupitia kwa Prefe mapema, kabla ya wazazi kuitwa. Tunavuka barabara kuelekea shule ya sekondari, na bahati inamkutanisha naye getini.

Emerance anamsalimia, anamweleza kuhusu wazazi kukaa darasani, na kwamba Honorine atafungua Jumatano ya kwanza ya muhula. Prefe Yves anatingisha kichwa. Anasema ni wazo zuri sana, shule inahitaji mawazo kama haya, na yeye mwenyewe angependa kuja kumkaribisha huyo mama. Anatoa simu mfukoni ili aandike.

"Ni siku gani?" anauliza.

Emerance anavuta pumzi. Anamsogelea hatua moja, anasubiri mpaka mkuu wake ainue macho kutoka kwenye simu, kisha anamwambia tena.